Ng'ombe wa Bendi ya Tano

Swali la kumi na saba ndilo lililowaponza. Lilikuwa fupi: familia yenu ina mifugo mingapi?

Sabdio alilisoma kwenye kompyuta ya Nanok akalisoma tena. Baba yake, Mzee Chachu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na fimbo mkononi, na nyuma ya baba yake kulikuwa na foleni ya watu tisa waliokuja kuomba mkopo na ufadhili wa chuo kikuu, wote masikio wazi. Nanok mwenyewe, kijana wa Kiturkana aliyekuwa na saiba pekee pale mtaani Kiwanjani ambayo printa yake haikwami, alikuwa ameegemea ukuta akitafuna njugu.

"Aba," Sabdio akanong'ona, "wanauliza mifugo."

"Wanatosha."

"Mzee, hii mashine haijui kutosha," Nanok akasema. "Inataka namba."

Mzee Chachu aligeuka akaitazama foleni. Mtu wa tatu alikuwa mzee mwenzake waliyewahi kunywesha ng'ombe naye kwenye kisima kimoja, enzi ambazo kila mmoja alikuwa na wa kunywesha. Akanyoosha mgongo.

"Arobaini na moja."

Foleni ikaguna kwa heshima.

"Eh, kumbe mzee uko vizuri hivyo," Nanok akasema. "Na bado unasumbua serikali?"

Hapo ndipo Sabdio angepaswa kusema neno. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alama ya B na kujumlisha, na barua ya kumwita akasomee uuguzi. Hakuna mtu mle ndani aliyeelewa fomu ile kumshinda. Lakini alikuwa msichana wa kunong'ona, na watu tisa ni wengi kwa mtu wa kunong'ona. Akaandika nne, akaandika moja, akabonyeza.

Ng'ombe wale hawakuwa wao. Walikuwa wa Haji Kanchoro, mfanyabiashara wa mifugo mjini Isiolo. Ukame ulipowamaliza ng'ombe wa Chachu hadi wa mwisho, Haji alimletea wake awachunge. Waborana huita mpango huo dabare: mwenye mali anakupa ng'ombe, wewe unachunga na kukamua; maziwa ni yako, ndama ni wake. Na dabare ina adabu yake. Anayechunga hasemi kwamba ng'ombe si wake, na mwenye ng'ombe hasemi kwamba amempa mtu. Kusema ni kumvua mwenzako nguo hadharani. Ni adabu nzuri sana, na Sabdio alikua akiipenda. Ubaya wake ni kwamba haikutungwa kwa ajili ya kompyuta.

Alijiambia ataisahihisha namba ile siku nyingine, kukiwa hakuna watu. Saiba ya Nanok haikuwahi kukosa watu, na baada ya wiki mbili fomu ikafungwa.

Majibu yalikuja kwa simu asubuhi moja akimsaidia mama yake, Maryan, kupima maziwa ya kuuza. Serikali huwapanga wanafunzi katika bendi tano. Ya kwanza ni ya wale wasio na kitu, nao hulipiwa karibu kila kitu. Ya tano ni ya wenye nacho, nao huambiwa wajikaze. Sabdio alikuwa bendi ya tano. Familia yake ilitakiwa kutoa laki moja na elfu sabini kwa mwaka, na tarehe ya kuripoti ilikuwa wazi kwenye barua: asiyelipa atapoteza nafasi yake.

Maryan alikiangalia kikombe cha kupimia alichokuwa ameshika. Kikombe kimoja, shilingi thelathini.

"Laki ni vikombe vingapi?" akauliza.

Sabdio alikuwa ameshapiga hesabu kichwani. Akachota kikombe kingine.

Siku hiyohiyo alikutana na Noor, mtoto wa Haji Kanchoro, mbele ya duka la mkate. Noor hakuwa mtu mbaya. Walisoma pamoja tangu darasa la nne, na muda wote huo alinakili hesabu kutoka daftari la Sabdio kwa shukrani.

"Nimepata bendi ya kwanza," Noor akasema, macho yanang'aa. "Serikali inalipa karibu yote. Babangu aliandika hana mifugo. Na ni kweli, pale kwetu hata kuku hakuna."

"Hata kuku," Sabdio akasema.

"Mama hapendi kelele."

Ilimchukua Sabdio hatua kama ishirini kuelewa alichosikia, kisha akasimama katikati ya barabara hadi boda ikampigia honi. Ng'ombe walikuwa walewale. Chachu alikuwa tajiri wa ng'ombe wa Haji, na Haji alikuwa maskini wa ng'ombe hao hao. Serikali ilikuwa imewapima wote wawili kwa ng'ombe arobaini na mmoja, na ikatoa msaada kwa mwenye ng'ombe.

Alitafuta njia nyingine, kwa sababu ndivyo mtu aliyesoma anavyofanya. Mkopo ulifuata bendi ileile. Wakfu wa benki moja ulichukua watoto wakiwa wangali wadogo, kana kwamba mtu akifika kidato cha nne umaskini humwacha. Harambee ndugu walikuwa wamefanya tayari mwaka huo, kwa matibabu ya mguu wa shangazi. Ikabaki basari ya wadi, msaada mdogo wa karo.

Fomu ya basari ilikuwa na kurasa nane. Umaskini ulitakiwa kuthibitishwa na chifu, mzee wa mtaa, mwalimu mkuu, imamu au pasta, na wakili. Wakili alitoza mia tano ili aape kwamba huna mia tano. Ukimaliza kukusanya mihuri yote na nakala mbili za kitambulisho cha kila mtu, kamati ilikaa, ikanywa chai, ikakupa elfu tatu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Haji Kanchoro.

"Achana na hiyo ya wadi," Nanok alimwambia aliporudi saiba na kumnong'oneza ukweli wote. "Hiyo ni ya kununua sanduku. Wewe kata rufaa. Unaandika barua kwamba ng'ombe si zenu, mwenyewe anasaini, chifu anapiga muhuri. Lakini mwisho ni Ijumaa."

"Na mwenyewe akikataa?"

Nanok akatupa njugu mdomoni. "Akikataa basi ng'ombe ni zenu. Uzeni, mlipe karo, mniletee na mimi soda."

Alikuwa anatania. Sabdio aliondoka na mzaha ule kichwani kama jiwe kwenye kiatu.

Duka la Haji Kanchoro liliuza dawa za mifugo na chumvi ya ng'ombe, si mbali na soko la mifugo. Haji alikuwa nje kwenye kiti cha plastiki, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, akinukia udi tangu mbali. Sabdio alisimama mbele yake na barua ndani ya karatasi ya nailoni. Alikuwa amejifunza maneno yake njia nzima kutoka Kiwanjani.

"Salaam aleikum, Haji."

"Aleikum salaam. Binti ya Chachu. Umekuwa mkubwa, mashallah." Akaipokea barua, akaisoma ameishika mbali na macho. "Hii ni nini sasa?"

"Ni barua tu, Haji. Inasema wale ng'ombe ni wako."

"Na serikali inataka kujua ng'ombe yangu iko wapi, kwa nini?"

"Kwa sababu wamedhani ni wa Aba."

"Nani aliwaambia ni wa Chachu?"

Sabdio akaikunja ile karatasi ya nailoni.

"Uliandika wewe," Haji akasema kwa upole. "Mkono wako. Msichana umesoma hivi, hujui kudanganya serikali ni kosa?"

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Sabdio alimtazama akashangaa, si kwa uongo, bali kwa jinsi ulivyomkaa vizuri, kama kanzu yake.

"Noor amepata bendi ya kwanza," akasema. Maneno yalitoka yenyewe. Hayakuwa katika yale aliyojifunza njiani.

Tasbihi ikasimama. Haji akaikunja barua mara mbili, taratibu, akamrudishia.

"Noor usimwingize hapa. Sikiliza, mama. Mimi nina huruma. Alhamisi tunagawa cheki uwanjani. Jina lako nitaliweka mimi mwenyewe, utapata elfu tatu. Ni kidogo lakini ina baraka. Na mwambie babako, kama amechoka na ng'ombe, aseme tu. Watu wa kuchunga ni wengi hapa Isiolo."

"Ng'ombe wa nani, Haji?"

Haji akacheka, akaonyesha juu kwa kidole chenye pete. "Ni za Mungu, mama. Sisi wote tunachunga tu."

Sabdio alirudi nyumbani kwa miguu. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kumwonea huruma kila aliyempita, hadi mbuzi waliofungwa miguu sokoni, na dharau alikuwa akiiona ni ugonjwa wa watu wengine. Siku hiyo ilimwingia polepole, na kilichomtia hofu ni kwamba haikumuuma. Alifikiria pete, udi, tasbihi iliyosimama kwenye jina la Noor ikaanza tena kwenye jina la Mungu. Alifikiria kwamba mtu huyu hakuiba kitu. Aliandika tu kwamba nyumbani kwake hakuna hata kuku, na ni kweli hakukuwa na kuku.

Boma lao lilikuwa nyuma ya nyumba za mwisho za Kiwanjani. Baba yake alikuwa akimtazama kwato ng'ombe mmoja aliyechechemea. Sabdio aliwasimulia wazazi wake yote, hadi kidole kilichoonyesha juu.

"Za Mungu?" Maryan akasema. "Na ni Mungu aliyewakata masikio?"

Kila ng'ombe pale alikuwa na mkato mmoja kwenye sikio la kushoto, alama ya Haji Kanchoro. Mtu yeyote mwenye macho angeuona, ila adabu ilikuwa ni kutoutazama.

Mzee Chachu aliuachilia mguu wa ng'ombe. "Alisema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele yangu tu, Aba. Nanok naye anasema, mwenyewe akikataa kusaini, basi ni zetu, tuuze."

"Yule Mturkana alisema hivyo?"

"Alikuwa anatania."

Baba yake akainama akaushika tena mguu wa ng'ombe. Alikuwa mtu ambaye aliweza kunyamaza tangu kunywesha hadi kurudi bomani, na mke wake alikuwa amejifunza kusubiri. Safari hii Maryan hakusubiri.

"Chachu, ile namba uliisema wewe."

"Niliisema mimi."

"Kwa sababu ya wale watu wa foleni."

"Kwa sababu ya wale watu wa foleni," akakubali. Kisha akasema, "Tukirudisha ng'ombe, utauza nini?"

Maryan alitazama madebe yake ya maziwa, matatu, yameoshwa na kuinamishwa yakauke. "Mandazi," akasema. "Peleka."

Alhamisi uwanja wa kambi ya chifu ulipambwa kama harusi. Kulikuwa na hema moja, la wageni, na maji ya chupa mezani. Waliokuja kusaidiwa walikaa juani. Cheki ya mfano, ubao mwembamba wa katoni wenye urefu wa mlango, ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo ikionyesha jumla ya fedha zote za wadi, ili mtu asifikirie sana hizo elfu tatu zake. Kipaza sauti kilikuwa kikubwa kuliko ulazima. Haji Kanchoro alihutubia dakika arobaini kuhusu moyo wa kutoa, halafu akaanza kusoma majina, na baada ya kila jina akasoma sababu, kama ilivyoandikwa kwenye fomu: yatima, baba ni mlevi, mama ana akili pungufu. Kila aliyeitwa alipita mbele, akapokea bahasha kwa mikono miwili, akasema asante kwenye kipaza sauti, akarudi juani na sababu yake ikiwa imejulikana na mtaa mzima.

"Sabdio Chachu," Haji akasoma. "Bidii nzuri, lakini nyumbani hali ni duni."

Sabdio alisimama. Kabla hajapiga hatua, watu wa nyuma walianza kugeuka.

Ng'ombe waliingia kupitia lango la kambi kwa mwendo wao wa kawaida, bila haraka, vumbi likiwa mbele yao. Mzee Chachu alitembea kando na fimbo begani na ndama mchanga mikononi. Wageni waliinua miguu. Ng'ombe mweupe aliyetangulia alifika kwenye cheki ya mfano, akainusa, akaanza kuitafuna kwenye kona.

"Chachu, umepata wazimu?" Haji akasema, na kipaza sauti kikayabeba maneno hayo hadi barabarani. "Toa ng'ombe hapa."

"Nitatoa. Salaam aleikum kwanza."

"Aleikum salaam. Toa."

"Nimekuja kuuliza tu niwapeleke wapi." Mzee Chachu hakupaza sauti. "Kama ni wangu, kuna mnunuzi amesimama na lori pale sokoni, nawauza sasa hivi, huyu msichana aende shule. Kama ni wako, nimekurudishia. Wahesabu."

"Hayo tutaongea nyumbani."

"Nyumbani nimekaa miaka mitatu sijaongea. Ndivyo inavyotakiwa. Wewe umeniachia nibebe ng'ombe wako hadi kwa serikali, na umemwambia mtoto wangu ni wa Mungu. Basi mimi nauza ng'ombe wa Mungu."

Mtu akacheka juani. Chini ya hema hakuna aliyecheka. Chifu Ewesit, aliyekuwa amekaa pembeni akitamani kuwa mahali pengine popote, akaanza kuipapasa kalamu mfukoni.

Haji aliwatazama wageni wake. Akawatazama ng'ombe. Sabdio alimwona akivipima, heshima upande huu na nyama upande ule, na aliona kwamba kipimo hakikuchukua muda.

"Ni zangu," Haji akasema.

"Sema kwa nguvu, mwenyekiti," mama mmoja akaita kutoka nyuma, bahasha yake ya elfu tatu imefungwa kwenye kona ya shuka. "Sisi wa huku hatujasikia. Sababu zetu ulizisoma kwa nguvu."

"Nimesema ni zangu."

Sabdio alikuwa bado amesimama. Mbele yake kulikuwa na watu labda mia mbili, na mia mbili ni wengi sana kwa mtu wa kunong'ona. Alitembea kati yao akaiweka barua mezani mbele ya chifu, akainyoosha ile mikunjo miwili kwa kiganja. Chifu aliisoma, akaigeuza ielekee kwa mwenyekiti, akamwonyesha mahali kwa kidole.

Haji alisaini kwa kalamu ileile ya kusainia bahasha. Chifu akatoa muhuri, akaupulizia, akaugonga. Kisha, watu wote wakimtazama, Haji Kanchoro akashuka kutoka hemani na kanzu yake nyeupe akaanza kuhesabu. Hakuweza kujizuia. Alihesabu mara mbili.

"Arobaini na mbili," akasema.

"Huyu amezaliwa alfajiri." Mzee Chachu akamweka ndama chini kwenye kivuli cha hema, taratibu, mpaka miguu yake iliposhika ardhi. Masikio yake yalikuwa mazima, bado hayajakatwa alama yoyote. "Huyu pia ni wako. Nisingependa ukose usingizi."

Wakati wanaondoka, Sabdio alimwona Noor amesimama langoni, amejikunyata kama mtu aliyelowa. Sabdio aligeuza macho ili asione kwamba ameonwa. Hakuna mashine iliyomuuliza Noor swali lolote. Alibaki na bendi yake ya kwanza. Miezi miwili baadaye, kwenye foleni ya kusajiliwa chuoni, angemwachia Sabdio nafasi mbele yake, na Sabdio angeipokea, na hapo ndipo wangeanza tena kusalimiana.

Lakini hiyo Ijumaa bado kulikuwa na fomu. Walifika saiba saa nne asubuhi. Foleni ilikuwa ya watu kumi na wanne, na yule mzee wa kisimani alikuwa amerudi, safari hii kwa ajili ya mjukuu. Nanok aliichukua barua, akaitia kwenye skana bila kufanya mzaha, akamfungulia Sabdio ukurasa wa rufaa.

Swali la kumi na saba lilikuwa palepale.

Sabdio aliweka vidole kwenye kibodi. Angeweza kujaza mwenyewe; jibu alilijua. Alikuwa ameshaanza kuinua kidole aliposikia fimbo ikigonga sakafu nyuma yake.

"Wanauliza mifugo?" baba yake akasema.

"Ndiyo, Aba."

"Sina." Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayetaja jina lake. "Andika sifuri. Ukae sawa uandike vizuri, usikosee tena kwa ajili yangu."

Sabdio akaandika. Kompyuta ikafikiria, kisha ikatoa kisanduku cheupe katikati ya kioo.

"Inasema nini?"

"Inauliza kama tuna hakika."

Mzee Chachu aliinama karibu na kioo, akakitazama kile kisanduku kama anavyotazamwa mtu mpumbavu aliyevaa vizuri.

"Ile siku tulipoandika arobaini na moja," akasema, "iliuliza?"

"Haikuuliza, Aba."

Baba yake akapumua kwa pua, akanyooka, akawageukia watu kumi na wanne mmoja mmoja, na yule mzee wa kisimani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinamisha kichwa.

"Bonyeza," akasema.